A Slight Case of Murder (1938): Komedi ya majambazi ambayo karibu kila mtu kaipita. Ingieni humu tuijadili

#1 Fundi Projekta

Wakuu habari za muda huu. Hili jambo nimekaa nalo moyoni siku nyingi leo naona nilitoe tu. Kila uzi wa muvi za magangsta majina ni yaleyale, mara The Godfather mara Scarface, ni muvi kali sikatai, ila kuna moja ya 1938 inaitwa A Slight Case of Murder sijawahi kuona mtu kaitaja hata kwa bahati mbaya, na mimi kwa upande wangu hakuna muvi ya majambazi iliyowahi kunichekesha kama ile. Ni ya Warner Bros., dairekta Lloyd Bacon, steringi Edward G. Robinson, nyeusi na nyeupe, dakika kama 85 hivi imeisha.

Mimi niliikuta kwenye boksi la DVD sita za muvi za zamani za Warner ambalo marehemu mjomba wangu alirudi nalo kutoka melini. Hii niliiweka mwisho kabisa maana kava yake haikunivutia, alafu siku naiweka nikairudia usiku huohuo mara mbili.

Kisa kiko hivi. Marekani kuanzia 1920 mpaka Desemba 1933 pombe ilipigwa marufuku nchi nzima, kwaiyo bia ikawa inapita kwa magendo na waliokuwa wanaipitisha ni majambazi wenye mitutu. Remy Marco (ndo Robinson) ni mmoja wao, katajirika vizuri tu. Siku marufuku inaondolewa anawakusanya vijana wake anawaambia jamani ujambazi basi, kuanzia sasa sisi ni wafanyabiashara halali, tunauza bia kwa leseni kama watu wengine.

Sasa tatizo ni moja. Bia yake mbaya. Yani mbaya mbaya, mtu akiigida uso unajikunja. Na yeye HAJUI. Mwenyewe sio mnywaji, na miaka yote ile nani angethubutu kumfata bosi mwenye bastola kiunoni akamwambia bosi samahani hii bia haifai? Wenye baa walikuwa wanapokea mapipa wanalipa wanashukuru. Yeye akawa anahesabu hela anajua bia yake watu wanaipenda. Leo marufuku hakuna, vitisho hakuna, mnywaji kaingia baa kuna bia za kila aina anachagua anayoitaka, basi pipa la Marco halina wa kuligusa. Miaka minne mbele benki iko mlangoni inataka kuchukua kiwanda na mzee wa watu bado haelewi kwanini biashara imekufa.

Hapo hata maiti hawajaingia bado. Nikirudi naendelea.

#2 kaa_la_moto

Nimeshaweka kambi hapa mkuu, mkeka na thermos ya chai viko pembeni. Maiti tena? Tiririka usituache na arosto

#3 dada_wa_sinza

Hiyo ya bia imenigusa hadi nimeamua kukoment na huwa nasoma tu napita. Kaka niliwahi kufanya kazi kwenye hoteli moja jina naliacha, bosi wetu mkali balaa, alikuwa anapika supu mwenyewe asubuhi na ilikuwa chumvi tupu, wateja wanaacha nusu bakuli, sisi wahudumu tunazoa mabakuli tunamwaga nyuma haraka asione. Akituuliza supu vipi leo tunaitikia kwa pamoja tamu bosi. Ikafungwa ile hoteli na mpaka inafungwa alikuwa anasema jirani kamroga. Nilikuwa na miaka 19 nilikuwa namuogopa sana, ila leo nikikumbuka namuonea huruma kwa kweli maana hakuwa na hata mtu mmoja wa kumwambia.

#4 Fundi Projekta

Dada umeielewa muvi kabla hujaiona. Huyo Marco ndo huyo bosi wako, na uzuri wa Robinson ni kwamba anakufanya umuonee huruma hivohivo.

Naendelea. Marco kila mwaka ana desturi yake, yeye kakulia kituo cha yatima, kwaiyo kila kiangazi anaenda palepale kituoni anachagua mtoto mmoja wa kukaa nae likizo, na anachotaka apewe ni yule mtundu kupita wote. Mama msimamizi wa kituo ni Margaret Hamilton, yule aliyekuja kuwa mchawi wa kijani kwenye The Wizard of Oz mwaka uliofata, 1939. Mtoto anayepewa anaitwa Douglas Fairbanks Rosenbloom, jina tu lishakuchosha, anaigiza Bobby Jordan.

Basi familia inafunga safari kwenda Saratoga, mji wa mbio za farasi huko jimbo la New York, kwenye nyumba ya mapumziko. Ila kumbe kabla hawajafika kuna wahuni watano wamepora hela za watu wa kubeti farasi, hela ndefu kwelikweli, wakaja kujificha kwenye nyumba hiyohiyo ya Marco. Mmoja kati yao anaona mgao wa watano mdogo. Anawapiga risasi wenzie wote wanne. Kwaiyo familia inaingia na mabegi, mke anashangaa mapazia, mtoto anakimbia ngazi juu ngazi chini, na ghorofani kuna maiti nne na muuaji mwenyewe yuko humohumo ndani hajatoka.

Sasa pima akili ya Marco hapo. Kaapa ni raia mwema, binti yake (Jane Bryan) kaja na mchumba na mchumba ni ASKARI wa jimbo, baba wa mchumba ni tajiri mstaarabu anakuja kujitambulisha usiku huohuo, na wahuni wa zamani wa Marco nao wanaingia kwenye pati wanakunywa wanaimba. Polisi akiona maiti zile nani ataamini kwamba Marco hahusiki?

Suluhisho la vijana wake ndo lilinimaliza. Wako watatu, Mike (Allen Jenkins), Lefty (Edward Brophy) na Gip (Harold Huber), siku hizi eti ni wafanyakazi wa ndani, mikono bado ya kijambazi. Wanawabeba maiti usiku wanaenda kuwaacha mmojammoja kwenye milango ya watu ambao Marco hawapendi 😂 wanarudi wanapangusa mikono kama watu waliotoka kupeleka mzigo wa mkaa. Alafu inatangazwa kila mmoja wa wale ana donge nono, dola 10,000 kichwa kimoja, hai au mfu. Wanatazamana. Wanarudi mbio kwenda KUWACHUKUA TENA.

Nimeishia hapo. Donge linachukuliwaje na hela ya wizi inaishia mikononi mwa nani siwaambii, nendeni mkaangalie.

#5 Mgosi wa Milimani

Mkuu Fundi umesimulia vizuri sana ila naomba nipinge kidogo kwa heshima. Kichekesho cha kweli cha zamani ni cha mwili, mtu anaanguka, anakimbizwa, anapigwa mlango wa uso, ile wazungu wanaiita slapstiki. Sinema ya 1938 watu wanaongea kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Kama ni majambazi na slapstiki kwa pamoja basi heshima mpe Buster Keaton, yule mchekeshaji wa sinema za kimya, muvi yake The High Sign, imetoka 1921, dakika kama 20 na neno halitamkwi hata moja. Mle kuna genge linaitwa Blinking Buzzards lina ishara yake ya siri ya mikono puani, mwanachama akikutana na mwenzie lazima aipige. Keaton kafukuzwa kwenye treni kaangukia kwenye mji wa michezo, hana kazi hana hela, anaokota kazi kwenye banda la kulenga shabaha, kumbe mwenye banda ndo mkuu wa genge. Genge linamtuma akamuue tajiri mmoja, na tajiri huyohuyo ameshamuajiri awe mlinzi wake, na binti wa tajiri nae yumo. Sasa ile nyumba ya tajiri ina milango ya siri sakafuni na ukutani, kuna wakati kamera inakuonyesha vyumba vinne kwa mpigo kama nyumba imekatwa kwa kisu cha mkate, Keaton anazama huku anaibukia kule majambazi wanapishana nae. Hakuna maneno pale yakakuzidi.

#6 Nyota ya Kisauni

Salaam kwenu kutoka Mombasa. Huyo Mgosi asema kweli, na mimi hiyo nimeiona mara nyingi, marehemu babu alikuwa hapendi filamu zenye kelele, lakini Keaton yuwakaa kitako anaangalia mpaka mwisho. Pale mwanzoni penye gazeti ndipo pananiua mimi. Aketi kwenye benchi afungua gazeti, alikunjua, likunjuka tena, na tena, hadi lawa kubwa kama shuka la kitanda cha watu watatu na yeye yumo ndani haonekani. Uso wake haucheki hata kidogo. Kitu ambacho wengi hawajui ni kwamba hiyo ndiyo ya kwanza aliyoitengeneza alipopewa studio yake mwenyewe mwaka 1920, hakuipenda, akaiweka kando akatanguliza filamu yake nyingine, One Week. Ikatolewa 1921 wakati yeye amevunjika mguu kazini na hana filamu nyingine tayari. Yani kitu ambacho fundi mwenyewe alikitupa kando, sisi miaka mia moja baadaye twakitafuta.

Ila Fundi, sijakupinga wewe. Hiyo ya 1938 sijaiona na sasa naitaka.

#7 kaa_la_moto

Jamani na mimi swali la mtu wa bia 😂 kwanini bia ya magendo ilikuwa mbaya hivo? Marekani si walikuwa wanajua kutengeneza bia tangu zamani, wale mafundi walienda wapi?

#8 Mgosi wa Milimani

kaa_la_moto swali zuri. Mafundi walikuwepo ila viwanda vilibanwa. Sheria iliruhusu kinywaji chenye kilevi kisichofika asilimia 0.5, kwaiyo viwanda vilivyobaki hai vilikuwa vinatengeneza bia kamili alafu vinaitoa kilevi, inabaki maji yenye harufu ya bia. Wahuni wakishaipata wanatoboa pipa wanadunga spiriti ndani, wao wenyewe walikuwa wanaiita bia ya sindano. Sasa spiriti yenyewe imetoka wapi hakuna anayeuliza. Wengine walikuwa wanapika kwa siri kwenye maghala, haraka haraka, mzigo ukae siku nyingi wa nini wakati polisi wanaweza kuvamia leo jioni. Na mnywaji hana pa kwenda kulalamika, genge moja ndo lenye mtaa, ukichukua bia ya genge jingine unavunjiwa baa. Kwaiyo hiyo habari ya Marco sio ya kutunga hewani, mwandishi alikuwa anawajua hao watu.

#9 Fundi Projekta

Mgosi hapo umenisaidia na umenipa pa kuanzia. Alikuwa anawajua kabisa. Kisa kilianza kama mchezo wa jukwaani Broadway, kule kwenye majumba ya maigizo New York, 1935, waandishi wawili, Damon Runyon na Howard Lindsay. Runyon alikuwa mwandishi wa magazeti, habari za ngumi na farasi, kila usiku yuko migahawani New York anakaa na hao wahuni anasikiliza wanavoongea. Ndo maana majambazi wake wanaongea kwa adabu ya ajabu kama wako kanisani huku wanajadili maiti.

Sasa turudi kwenye hoja yako ya slapstiki. Mimi nasema A Slight Case ni slapstiki ya mwili kabisa, ila mwili wenyewe ni wa maiti. Fikiria watu wazima watatu wanamshusha mtu mkavu kwenye ngazi na wageni wako sebuleni. Milango inafunguliwa kabla ya wakati inafungwa, mtu anasimama mbele ya kabati katabasamu kwa sababu akisogea kabati litafunguka na linafunguka kweli. Ukizima sauti unacheka. Nimejaribu, nilizima sauti robo saa nzima na mdogo wangu ambaye hajui hata neno la kiingereza alikuwa anajipiga mapaja.

Ila kinachonifanya niipende kupita The High Sign (na naipenda ile, msinielewe vibaya) ni Robinson. Mwaka 1931 huyu mtu alicheza Little Caesar, jambazi Rico, sinema iliyomfanya Marekani nzima ikiwaza jambazi iwaze sura yake, mfupi, sigara kubwa mdomoni, sauti ya kukwaruza. Alafu kuanzia 1934 kanuni za maadili za sinema zikaanza kusimamiwa kwa ukali, majambazi wasitukuzwe tena, studio ikabaki na waigizaji wazuri wa ujambazi na haina pa kuwaweka. James Cagney 1935 wakamvalisha upande wa serikali kwenye G Men. Robinson wao wakamgeuza kichekesho, na maajabu ni kwamba YEYE HAKUBADILIKA. Anaongea vilevile kama Rico, anasimama vilevile, hatoi macho hachezi sura. Anapiga kelele za kijambazi kuhusu bia na mapazia na mkwe. Mtu anayejaribu kuchekesha unamuona anajaribu, yeye haombi ucheke. Ni kama Keaton na gazeti lake, Nyota ya Kisauni kalisema bila kujua, uso haucheki hata kidogo. Kwaiyo Mgosi mimi na wewe tuko upande mmoja, wako kanyamaza wangu anabwata basi.

Na ukijua alivokuwa nje ya kamera ndo unachoka. Mzaliwa wa Bucharest, Romania, jina la kwao Emanuel Goldenberg, akaja Marekani mtoto. Mpole, mkusanyaji wa michoro ya wachoraji wakubwa. Inasimuliwa wakati wa Little Caesar kila akifyatua bastola macho yalikuwa yanafumba yenyewe mpaka wakambandika kope kwa vipande vya utepe wa kunata. Oscar hakuwahi kupewa mpaka 1973, ya heshima, na alifariki Januari kabla ya kukabidhiwa. Inaniuma hiyo mpaka leo.

Mtu mwingine ambaye hapewi haki yake ni Ruth Donnelly, mke wa Marco. Ameshakuwa tajiri anajitahidi kuongea kidhungu cha masista duu, mdomo kaubana, ikija hasira lafudhi ya mtaani inatoka yote mara moja alafu anajishtukia anaubana tena. Kila akifungua mdomo mimi nakaa sawa kwenye kiti.

#10 Nyota ya Kisauni

Sasa nimeelewa watoka wapi. Na je ziko nyingine zake za namna hii ama ni hiyo moja tu?

#11 Fundi Projekta

Zipo dada. The Whole Town's Talking ya 1935, dairekta John Ford, Robinson anacheza watu wawili, karani mmoja muoga asiyechelewa kazini na jambazi muuaji wanaofanana sura. Brother Orchid ya 1940, bosi wa genge anapinduliwa na Humphrey Bogart anakimbilia kwa watawa anaanza kulima maua. Na Larceny, Inc. ya 1942, hii nayo ni Lloyd Bacon, wafungwa wametoka jela wananunua duka la mabegi jirani na benki ili wachimbe shimo wakatokee benki, shida ni kwamba duka linaanza kupata wateja. Wakati wanachimba chini juu watu wanagonga wanataka mabegi.

A Slight Case yenyewe waliirudia 1952 kwa jina la Stop, You're Killing Me, wakamuweka Broderick Crawford wakatia na nyimbo. Mimi hiyo haikunikaa, kila mtu anajua yuko kwenye komedi. Ianzeni ya 1938.

#12 dada_wa_sinza

Wakuu nimerudi. Hiyo ya Fundi bado naitafuta, ila jana usiku bando lilikuwepo nikaangalia The High Sign maana ipo bure na ni fupi. Mgosi hukusema habari ya MBWA! Bosi wa banda kamwambia Keaton afanye mazoezi ya shabaha na yeye atakuwa anasikiliza kengele, kila akipiga shabaha kengele ilie. Keaton kanyaga waya nyama inashuka mbele ya mbwa, mbwa anaruka, kamba ya mbwa inavuta kengele, bosi kule kaketi anahesabu huyu kijana hakosi. Alafu anapita paka. Nimecheka mpaka mwanangu kaamka.

Na nimekaa baadae nikafikiria, bosi wa pale nae ni walewale. Anasikia kengele anaridhika, hajanyanyuka kwenda kuangalia hata mara moja.

#13 Mgosi wa Milimani

Dada nimeiangalia hiyo sinema zaidi ya mara kumi sikuwahi kuliona hilo. Fundi nipe namna ya kuipata yako, wiki hii naiangalia alafu narudi hapa tuendelee.

#14 Fundi Projekta

Mgosi lile boksi la DVD lilitoka 2006, ni la pili kwenye mfululizo wa majambazi wa Warner, tafuta kwa jina hilo utaipata hata ya mkono wa pili. Ukishaipata angalia vizuri nyuso za wale vijana watatu kila bosi anapomkaribisha mgeni glasi ya bia. Hawasemi kitu. Wanaangalia glasi tu inavyopanda mdomoni.